Olunga, Mané na Dogo wa Mbaraki: Hivi Ndivyo Safari ya Straika Huenda

Pita Mama Ngina Jumapili jioni. Chukua mihogo yako, itiwe ndimu na pilipili, tafuta pa kukaa ucheki meli ikiingia Kilindini. Haitachukua muda utaskia mbogi jirani imeanza: nani noma kati ya Drogba na Osimhen, na mbona Kenya hatutoi straika kama hao. Bishano huwa kali lakini kila wiki huisha vilevile. Mmoja atasema, "Wale wa West wamezaliwa na miili, sisi tumezaliwa na mbio," wasee wanacheka, stori inahamia pengine.

Jibu hilo ni tamu lakini halimsaidii mtu. Kuna madogo wengi Tononoka, Likoni na Kisauni wako na miaka 16 au 17, wanadunga mabao kila wikendi, na tayari kuna jamaa amewaambia watafute pesa za "processing" wapelekwe majaribio ng'ambo. Hao wanahitaji kujua safari ya straika inaendaje kwa ukweli: nani anakulea, unauzwa vipi, nani anakula hiyo ganji, na wapi watu wanapotea.

Tutaifungua kwa kutumia majina unayoyajua. Wa West wapo, lakini mhusika mkuu ni wetu, Michael Olunga. Kama kuna ramani ya straika iliyochorwa na Mkenya, ni yake.

Mabao matatu ya Cairo

Rudi nyuma hadi 1 Julai 2019, AFCON ya Misri. Harambee Stars dhidi ya Senegal, mechi ya mwisho ya kundi. Kipindi cha kwanza tulikuwa tunapumua vizuri tu. Patrick Matasi akapangua hata penalti ya Sadio Mané, watu wakaruka kwenye viti.

Kipindi cha pili mambo yakabadilika. Ismaïla Sarr akafunga la kwanza. Mané akafunga la pili. Mané tena, kwa penalti, la tatu. Kenya 0, Senegal 3, tukafunga mizigo.

Sasa cheki kitu ambacho wengi hawakukiona usiku ule. Sarr na Mané wote wawili wametoka akademi moja, Génération Foot, iliyoko Dakar. Yaani mabao yote matatu yaliyoturudisha nyumbani yalitoka shule moja.

Génération Foot ilianzishwa mwaka 2000 na Mady Touré. Mwaka 2003 ikaingia mkataba na klabu ya Metz ya Ufaransa. Mpango ni rahisi kuuelewa: Metz inatoa pesa na utaalamu, akademi inalea watoto, na wale bora wakifika umri wanaenda Metz kwanza. Watoto wanalala hapo, wanakula hapo, wanasoma hapo. Papiss Cissé alipita njia hiyo, Diafra Sakho akapita, Mané akapita, Sarr akapita, baadaye Pape Matar Sarr na Lamine Camara pia.

Ivory Coast walianza mapema zaidi. Miaka ya tisini Mfaransa Jean-Marc Guillou alianzisha akademi ya ASEC Mimosas mjini Abidjan. Kolo Touré, Yaya Touré, Zokora, Eboué, Dindane, Kalou na Gervinho wote walipitia pale. Hiyo ni nusu ya timu ya taifa kutoka uwanja mmoja. Ghana wako na Right to Dream iliyoanzishwa 1999 na Tom Vernon. Hao walienda mbali hadi wakanunua klabu yao Ulaya, FC Nordsjælland ya Denmark, na ndio njia iliyompeleka Mohammed Kudus.

Kwa hivyo swali la "wana nini sisi hatuna" lina jibu. Wana barabara. Dogo wa Dakar akiwa na kipaji, kuna mlango unaojulikana, na nyuma ya mlango kuna mlango mwingine. Dogo wa Mbaraki akiwa na kipaji hichohicho, anaambiwa "endelea hivyo hivyo, Mungu atafungua".

Osimhen: hata barabara ikiwepo, kuna mashimo

Usidhani wa West wote wanateleza tu. Victor Osimhen alikulia Lagos, eneo la Olusosun, karibu na jaa kubwa la taka. Akiwa mtoto aliuza maji ya kunywa kwenye foleni za magari. Kilichomtoa ni mashindano moja: Kombe la Dunia la U-17 la 2015 huko Chile. Alifunga mabao 10, akachukua kiatu cha dhahabu, Nigeria wakabeba kombe.

Hapo ndipo pa kujiuliza. Nigeria wameshinda Kombe la Dunia la U-17 mara tano. Hilo ndilo soko ambapo maskauti wa Ulaya hujazana. Kenya upande wa wanaume hatujawahi kucheza hata mechi moja ya mashindano hayo. Madada zetu ndio walitutoa aibu, Junior Starlets wakafuzu Kombe la Dunia la U-17 la 2024. Vijana wa U-20 nao walifika AFCON ya umri wao kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Straika mzuri anaweza kukaa miaka bila kuonekana kama timu za vijana za nchi yake hazifiki pale macho yalipo.

Rudi kwa Osimhen. Januari 2017 akaenda Wolfsburg ya Ujerumani. Ilikuwa balaa. Majeraha, ugonjwa, hakufunga hata bao moja la ligi. Klabu mbili za Ubelgiji zikamjaribu zikamwacha. Charleroi ndio walimchukua kwa mkopo msimu wa 2018-19, na pale ndipo mabao yakaanza kumiminika. Lille wakamnunua 2019, Napoli wakamchukua 2020, na msimu wa 2022-23 akafunga mabao 26 ya Serie A, Napoli wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1990. Mwaka huohuo wa 2023 akawa Mchezaji Bora wa Afrika. Baadaye akaenda Galatasaray, nako akaendelea kudunga.

Ukiangalia vizuri, klabu iliyomwokoa ni Charleroi, na mtaani hakuna mtu anavaa jezi ya Charleroi. Shika hilo kichwani, tutalirudia.

Hatua za Olunga, moja baada ya nyingine

Olunga alizaliwa Nairobi mwaka 1994. Hakukulia akademi ya kitajiri. Alisoma Upper Hill School, akajiunga na Technical University of Kenya kusomea uinjinia, na ndiyo maana hadi leo mashabiki humwita Engineer. Mpira na vitabu vilienda pamoja.

*Hatua ya kwanza: kucheza kila wiki nyumbani.* Alipitia Tusker, hakupata nafasi kubwa. Mwaka 2014 akaenda Thika United kwa mkopo, akapata dakika, akafunga. Mwaka 2015 Gor Mahia wakamchukua. Msimu huo Gor walimaliza ligi bila kupoteza mechi, na Olunga akaweka mabao 19. Alikuwa na miaka 21. Kuna watu mtaani wanakwambia ukifika 20 hujaenda Ulaya basi imeisha. Olunga akiwa 20 alikuwa Thika.

*Hatua ya pili: ligi ya saizi yako.* Mwaka 2016 akaenda Djurgården ya Sweden. Ligi ya Sweden haina kelele kama EPL lakini ina vitu viwili straika kijana anavihitaji: unachezeshwa, na maskauti wako pale. Mwanzo ulikuwa mgumu, baridi, mabao hayaji, watu wakaanza kunong'ona. Akamaliza msimu na mabao 12 ya ligi.

*Hatua ya tatu: pesa kubwa, mtego mkubwa.* Mwanzoni mwa 2017 akauzwa China, Guizhou Zhicheng. Wakati huo China ilikuwa inamwaga dooh. Lakini kabla msimu kuanza, sheria ikabadilishwa: klabu isichezeshe zaidi ya wachezaji watatu wa kigeni kwenye mechi moja. Ukiwa wa nne, hata ulipwe vipi, Jumamosi uko jukwaani na popcorn. Olunga akaondoka kwa mkopo kwenda Girona, Uhispania.

*Hatua ya nne: nafasi ndogo, itumie yote.* Girona walikuwa na straika wao namba moja, Stuani. Olunga alikuwa wa benchi. Tarehe 13 Januari 2018, dhidi ya Las Palmas, akaingia kama sub na akafunga mabao matatu. Girona wakashinda 6-0. Hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kufunga tatu kwenye mechi moja ya La Liga. Lakini mkopo ulipoisha hakubaki. Bao tatu La Liga na bado hakuna nafasi: ndivyo biashara hii ilivyo.

*Hatua ya tano: rudi chini ili upande.* Agosti 2018 akaenda Kashiwa Reysol, Japan. Mwisho wa msimu timu ikashuka daraja. Wengi wangetoroka. Yeye akabaki, akacheza daraja la pili 2019, akamaliza na mabao 27 na timu ikapanda kama mabingwa. Mechi ya mwisho ya msimu, tarehe 24 Novemba 2019, Kashiwa waliwachapa Kyoto Sanga 13-1. Olunga peke yake alifunga nane. Soma tena, nane, mechi moja.

Mwaka uliofuata, 2020, akiwa ligi kuu, akafunga mabao 28. Akawa mfungaji bora, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima ya Japan, Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Alikuwa na miaka 26.

*Hatua ya sita: vuna.* Januari 2021 akaenda Al-Duhail ya Qatar. Akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Asia 2021 kwa mabao 9. Akawa mfungaji bora wa ligi ya Qatar misimu miwili mfululizo, mabao 24 msimu wa 2021-22 na 22 msimu wa 2022-23, na huo wa pili Al-Duhail wakawa mabingwa. Mwaka 2025 akahamia Al-Arabi, hukohuko Qatar.

Wabishi wa Mama Ngina watasema, "Lakini hakucheza EPL." Sawa. Sasa hesabu: Kenya, Sweden, China, Uhispania, Japan, Qatar. Popote alipopata dakika za kutosha, alifunga. Kazi ya straika ni hiyo. EPL ni klabu 20 tu duniani, na zaidi ya hapo kuna maelfu ya watu wanaolea familia kwa mpira bila kuonekana kwenye runinga ya kibanda cha mtaani kwako.

Samatta alipitia mlango mwingine

Kuna njia ya pili, na jirani yetu ndiye aliyeionyesha. Mbwana Samatta alitoka African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 badala ya kukimbilia Ulaya akaenda TP Mazembe, Lubumbashi. Watu wengine walidhani ni kushuka. Pale alikula mshahara mzuri, akacheza mechi kubwa za Afrika mwaka baada ya mwaka, na 2015 Mazembe wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika huku yeye akiwa miongoni mwa wafungaji bora. Januari 2016 akapewa tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.

Mwezi huohuo Genk ya Ubelgiji ikamchukua. Msimu wa 2018-19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa. Novemba 2019 akawafunga Liverpool pale Anfield. Januari 2020 Aston Villa wakamnunua, Mtanzania wa kwanza EPL, na tarehe 1 Machi akafunga fainali ya League Cup dhidi ya Manchester City pale Wembley.

Linganisha na Olunga. Njia tofauti, kanuni ileile: hakuna aliyeruka ngazi. Na ule usiku wa 27 Juni 2019, Kenya ikicheza na Tanzania hukohuko Cairo, wote wawili walifunga. Samatta moja, Olunga mawili, Kenya tukashinda 3-2. Mechi ile ilikuwa ya mastraika wawili waliosubiri zamu yao.

Na kwa wale wa kusema Ulaya imeshafungwa kwa vijana wa ligi yetu, kumbuka CHAN ya Agosti 2025. Ryan Ogam wa Tusker alifunga bao pekee dhidi ya Morocco na bao pekee dhidi ya Zambia. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshanyakuliwa na Wolfsberger ya Austria. Mashindano moja, macho yakiwepo, mlango ukafunguka.

Ganji inagawanywaje?

Hapa ndipo wengi mtaani tunapigwa na giza, na hapa ndipo klabu ndogo za Mombasa zinapoteza haki yao.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine akiwa bado na mkataba, sheria za FIFA zinataka asilimia 5 ya pesa hizo itengwe kwa klabu zilizomlea. Inaitwa malipo ya mshikamano. Inahesabiwa kuanzia msimu aliofikisha miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu iliyokuwa naye inapata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, asilimia 0.5.

Tupige hesabu. Tuseme timu ya Majengo ilimlea dogo akiwa 16, 17 na 18. Miaka mitatu, asilimia 1.5. Huyo dogo baadaye anauzwa kutoka Sweden kwenda Ubelgiji kwa euro milioni 1. Timu ya Majengo inastahili euro 15,000. Ukiweka euro moja kwa shilingi 150, hiyo ni shilingi milioni 2.25. Jezi, mipira, nauli za mechi za ugenini, na pesa ya kocha zote ndani. Na akiuzwa tena, wanalipwa tena.

Kuna malipo mengine ya malezi: mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na akihama kabla ya mwisho wa mwaka anaofikisha miaka 23, klabu zilizomfundisha zina haki ya fidia. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum ya kupitisha hizi pesa ili zisipotelee njiani.

Lakini kuna sharti moja, na sharti hilo ndilo linatuua. Lazima dogo awe amesajiliwa rasmi. Jina lake, tarehe ya kuzaliwa, klabu, msimu, yote yawe kwenye mfumo wa shirikisho. Rekodi hizo ndizo hutengeneza pasipoti ya mchezaji, na pesa hufuata pasipoti. Timu inayolea watoto kwa daftari na WhatsApp pekee haipo machoni pa FIFA. Dogo anaweza kuuzwa mamilioni na kocha aliyemnunulia daluga za kwanza asipate hata ya chai.

Génération Foot wanajua hili. Right to Dream wanajua hili. Pesa za mchezaji mmoja hulea hamsini wanaofuata. Ndivyo barabara ya West ilivyojengwa, mchezaji akiuzwa, tofali linaongezwa.

Ukiskia "lipa kwanza", kimbia

Sasa turudi kwa yule jamaa wa "processing". Hii biashara ina mtindo wake na iko mitaa yote, si Mombasa pekee. Anakuja amevaa vizuri, simu ina picha akiwa na wachezaji. Anasema ana uhusiano na klabu fulani Uturuki, Serbia au Dubai. Anataka pesa ya viza, ya tiketi, ya "kuhifadhi nafasi". Mama anauza dhahabu, babu anauza kipande cha shamba. Dogo ama habebwi kabisa, ama anabebwa anaachwa uwanja wa ndege na viza ya kutembea. West Africa imeliwa na huu mchezo kwa miaka mingi kuliko sisi. Kuna vijana wengi waliobaki kwenye baridi ya miji ya Ulaya bila klabu wala nauli ya kurudi.

Sheria ziko wazi, zishike hizi:

1. Miaka 18. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa sababu ya mpira, isipokuwa kwa masharti machache, mfano wazazi wamehama kwa sababu zao zisizohusu mpira. Dogo wa 16 kutoka Kisauni kusaini Uturuki hakupo. Anayekuahidi hilo anakuuzia hewa.

2. Leseni. Tangu 2023 ajenti anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na kuipata lazima apite mtihani. Majina yao yako kwenye tovuti ya FIFA. Uliza jina kamili, tafuta. Hayumo? Mazungumzo yameisha.

3. Ajenti hulipwa kazi ikishafanyika. Pesa yake inatoka kwenye mkataba. Ajenti wa kweli anakula ukila. Anayekula kabla yako anakula wewe.

4. Mzazi. Mtoto hafuatwi kisirisiri. Ajenti anayetaka kumwakilisha mchezaji mdogo lazima awe na idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Akikwambia "usimwambie mamako bado", ushajua.

5. Barua. Klabu halisi inayokuita majaribio hutuma mwaliko kwa jina lako na hupatikana kwa mawasiliano yake rasmi. Piga simu klabuni kupitia namba iliyo kwenye tovuti yao. Usitumie namba aliyokupa yeye.

Na tukiwa hapo, tuzungumze kuhusu miaka ya mpira. Mtaani watu hukata miaka mitatu minne wakidhani ni ujanja. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U-17. Mfupa hausomi cheti. Halafu rekodi zikigongana, siku ya kuuzwa faili linakwama, klabu inaogopa, dili linakufa. Olunga alitoka Kenya akiwa 21 na miaka yake yote. Drogba alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa akiwa 21, pale Le Mans. Ukweli haukuwachelewesha.

Pwani tunakosea wapi?

Mombasa si mji mgeni kwa mpira. Mwaka 1965 Feisal, timu ya hapa kisiwani, ilikuwa bingwa wa ligi ya taifa. Wazee wa Mji wa Kale bado wanakuhadithia kana kwamba ni jana. Mwaka 2019 Bandari walibeba Shield, wakaingia Kombe la Shirikisho Afrika, wakawatoa Al-Ahly Shendi ya Sudan na Ben Guerdane ya Tunisia, kabla ya kutolewa na Horoya. Na Horoya ni ya wapi? Guinea. West tena.

Kwa hivyo kipaji kipo na historia ipo. Kinachokosekana kinaonekana kwa macho. Uwanja wa Manispaa ulibomolewa ili ujengwe upya, na watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati huo wamekua wakiuona ukiwa mabati na vumbi. Viwanja vya mtaa vinaliwa na majengo. Ndondo zipo na zinajaa watu, lakini ndondo hazina rekodi. Ukifunga mabao 30 kwenye ndondo, hakuna karatasi yoyote duniani inayojua.

Na AFCON 2027 inakuja hapa Afrika Mashariki, Kenya, Tanzania na Uganda. Kila skauti wa maana atakuwa upande huu wa dunia. Dogo ambaye leo ana miaka 17 atakuwa umri uleule ambao Olunga alikuwa akihangaika kutafuta dakika Tusker na Thika.

Ukiwa wewe ndiye huyo straika

Jiunge na timu iliyosajiliwa, hata kama ni ya daraja la chini, na udai kuona jina lako kwenye mfumo. Weka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho sawa, jina liwe lilelile kila mahali. "Mohamed" huku na "Muhammed" kule imeshachelewesha viza za watu. Rekodi mechi zako nzima kwa simu, si mabao peke yake, kwa sababu skauti anataka kuona unafanya nini wakati huna mpira. Maliza shule. Olunga hakuitwa Engineer kwa mzaha, na goti likikatika ukiwa 22, cheti ndicho kitakuchukua.

Ofa ikija, usiulize kwanza ni nchi gani. Uliza nitacheza dakika ngapi. Osimhen alikuwa na Wolfsburg kubwa bila bao, akawa na Charleroi ndogo na mabao kibao. Olunga alikuwa na dooh ya China na benchi, akaenda Japan daraja la pili akapata jina.

Na ukiwa wewe ni kocha wa mtaa, unayeamka saa kumi na moja kuwafungulia watoto uwanja kwa pesa yako, kamata daftari lako wiki hii uende ofisi ya shirikisho ya kaunti, wasajiliwe. Kati ya hao kunaweza kuwa na mmoja. Siku akiuzwa, jina la timu yako liwe kwenye ile karatasi.